Mapafu ya mjukuu na chupa ya shangazi

SWALI

Assalamu alaykum daktari. Mimi ni bibi wa miaka 63, naishi Ngamiani, Tanga. Binti yangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 28, mtoto wa kike wa gramu 1,050. Walikaa wodi ya njiti wiki 10, na siku 41 kati ya hizo mtoto alikuwa kwenye oksijeni. Waliruhusiwa akiwa na gramu 1,900. Leo ana wiki 17 tangu azaliwe, amefika gramu 3,300. Ananyonya vizuri, ila anapumua harakaharaka kuliko wajukuu wangu wengine walipokuwa wadogo. Kwenye karatasi ya ruhusa wameandika BPD, wala hatukuelezwa vya kutosha.

Sasa shangazi yake mtoto, dada wa baba yake, anauza virutubisho. Ametuletea chupa ya matone ya antioksidanti ya mtoto na kopo la unga la mama, vyote shilingi 85,000, tutalipa kidogokidogo. Anasema oksijeni ya hospitali imeunguza mapafu ya mtoto, na matone haya yanaondoa hiyo sumu na kutengeneza mapafu mapya. Binti yangu anataka kuanza. Mimi nasita, ingawa nami nimekuwa nikimdondoshea kijiko cha maji ya machungwa asubuhi kwa ajili ya vitamini. Je, ni kweli oksijeni ndiyo iliyomdhuru? Tumpe au tusimpe?

JIBU

Wa alaykumu s-salaam, na shikamoo mama yangu.

Matone msimpe. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua barua ya daktari husomwa chupa ikiwa mezani. Na kijiko cha machungwa nacho kikome leo, hata kama ni ya Muheza na matamu namna gani. Mtoto anayepumua haraka hupaliwa upesi. Kilichotakiwa kwenda tumboni huingia pafuni, na pafu ndilo hilo tunaloliuguza. Chungwa ale mama yake. Vitamini C ya mama huingia kwenye maziwa, kwa hiyo mtoto hakosi fungu lake.

Ila kabla ya kumrudishia shangazi chupa yake, mtendeeni haki. Dawa ameikosea, lakini ugonjwa hakuukosea sana. Oksijeni kweli huumiza mapafu ya njiti, na madaktari wa watoto wamehangaika na jambo hilo kwa zaidi ya nusu karne, wakijaribu vitu vya aina ileile anayouza yeye. Nataka nikusimulie walichokipata, maana nikisema tu "haifai" utabaki kati ya neno langu na neno lake, na yeye ni ndugu, mimi ni mgeni.

Mtoto akiwa tumboni haishi katika hewa hii yetu. Nguvu ya oksijeni katika damu yake ni kama theluthi tu ya iliyomo katika damu yako na yangu, na inamtosha. Akizaliwa, hata asipowekewa mpira puani, hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21 ni kishindo kwake. Seli hutumia oksijeni kama jiko linavyotumia hewa, na jiko hurusha cheche. Hizo cheche, yaani chembe kali za oksijeni zinazogusa na kuharibu kila kilicho karibu, ndizo ambazo antioksidanti huzizima. Mwili una wazimaji wake wa asili: vimeng'enya vinavyotengenezwa ndani ya seli zenyewe, pamoja na vitamini A na E na madini kama seleniamu ambayo mama humpitishia mtoto kwa kondo la nyuma. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya akiba hii hujengwa katika wiki za mwisho za mimba. Mjukuu wako alitoka wiki 12 kabla ya siku zake. Alifika ulimwenguni jiko likiwaka na ndoo za maji bado ziko njiani.

Kisha tukamwongezea oksijeni. Kwa nini? Kwa sababu asingeipata angekufa. Mapafu ya wiki 28 hayana vya kutosha ule utando laini wa mafuta unaozuia vifuko vya hewa visigandane, kwa hiyo kila pumzi ni kama kupuliza puto jipya. Hapo hakuna wa kulaumiwa, si binti yako aliyekubali, si muuguzi aliyefunga mpira. Mwambie binti yako hivyo kwa maneno hayahaya, maana nahisi katika swali lako kuna swali lake lililojificha.

Oksijeni ni dawa, na kama dawa nyingine ina kipimo, na sisi madaktari tulijifunza kipimo hicho kwa gharama ya watoto. Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, aliandika kuhusu njiti waliokuwa wakipofuka. Ikachukua zaidi ya miaka kumi kuthibitisha kwamba oksijeni waliyokuwa wakimwagiwa kwa nia njema ndiyo iliyoharibu macho yao, na kufikia hapo walikuwa wamepofuka maelfu. Basi madaktari wakaogopa, wakaibana, na watoto wakaanza kufa kwa kuikosa. Hata mwaka 2010 jambo hili lilikuwa bado linapimwa: utafiti mkubwa wa Marekani uligawa njiti zaidi ya 1,300, kundi moja kiwango cha oksijeni katika damu kiwe asilimia 85 hadi 89, lingine 91 hadi 95. Kundi la chini macho yao yalisalimika zaidi, lakini karibu asilimia 20 walifariki, wakati kundi la juu walifariki asilimia 16. Ndiyo maana leo wauguzi hawaondoi macho kwenye kile kipimo chenye taa nyekundu kinachofungwa mguuni mwa mtoto. Wodi niliyoanzia kazi hakikuwapo. Tulikuwa na mtungi na mpira, tukakadiria kwa kutazama rangi ya midomo, usiku, kwa taa hafifu. Sipendi kuukumbuka ukadiriaji ule.

Sasa hizo herufi tatu. BPD ni kifupi cha bronkopalmonari displasia. Mimi huiita ugonjwa sugu wa mapafu ya njiti. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 na William Northway na wenzake huko Stanford, California, kwa watoto waliopona kwa mashine za kupumulia wakabaki na mapafu yenye makovu. Mtoto aliyehitaji oksijeni kwa siku 28 au zaidi huandikiwa jina hilo, na wako alifika 41. Lakini aliiacha kabla ya kufikisha zile wiki 36 za kuhesabu tangu mimba ianze, na kwa mpangilio uliozoeleka hiyo ndiyo daraja nyepesi kuliko zote. Mapafu ya aina hii siku hizi hayana makovu mengi kama yale ya 1967. Hali yake ni ya nyumba ambayo ujenzi ulisimama: vyumba ni vichache na vikubwa kupita kiasi badala ya kuwa vingi na vidogo. Habari njema ni kwamba vyumba vingi vya mapafu ya binadamu hujengwa baada ya kuzaliwa. Hata mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na makumi ya mamilioni tu ya vifuko vya hewa, na ukubwani huwa na mamia ya mamilioni. Ujenzi wa mjukuu wako unaweza kuendelea, na unaendelea kwa miaka.

Kama oksijeni hurusha cheche na njiti hana wazimaji, si tumpe wazimaji? Hesabu hiyo ni nyepesi mno, na ndiyo iliyomvuta shangazi. Iliwavuta pia watu waliosoma miaka ishirini.

Wakaanza na vitamini E. Mwaka 1978 kikundi kimoja Marekani kilitangaza kwamba njiti waliopewa sindano za vitamini E wanaelekea kutopata BPD. Furaha kubwa. Mwaka uliofuata kikundi hichohicho, kikiwa kimejaribu kwa watoto wengi zaidi, kikasema faida haionekani tena. Nakiheshimu kwa hilo; kurudi hadharani na kusema "tulikosea" si kazi ndogo. Lakini wazo lilikwisha toka nje. Mwishoni mwa 1983 ikaanza kuuzwa kwa hospitali za Marekani vitamini E ya kuingizwa kwenye mshipa, iliyoingia sokoni bila kupitishwa na mamlaka ya dawa, kwa hoja kwamba ni lishe tu. Kufikia Aprili 1984 ilipoondolewa, vifo 38 vya watoto wachanga vilikuwa vimehusishwa nayo. Inavyoelekea, kilichowaua si vitamini yenyewe, ni vitu vilivyotiwa ili iyeyuke majini. Mama yangu, nimesimulia hili kirefu kwa makusudi. Ukisoma lebo ya chupa ile utaona jina la vitamini kwa herufi kubwa. Vilivyoiyeyusha, vilivyoitia utamu na vilivyoizuia isioze viko chini kwa herufi za kuumiza macho, kama vipo. Mtoto wa gramu 3,300 anavimeza vyote.

Ikaja zamu ya kimeng'enya chenyewe, superoksidi dismutasi, mzimaji mkuu wa cheche ndani ya seli. Kilitengenezwa maabara na kutiwa moja kwa moja kwenye mapafu ya njiti kwa kupitia mpira wa kupumulia. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliopewa na wasiopewa waliugua BPD sawasawa. Palikuwa na kijinuru kimoja, kwamba walipofika mwaka mmoja waliopewa walihitaji dawa za pumu mara chache zaidi. Mimi nakiona ndicho kilichotia moyo kuliko vyote katika mlolongo huu, lakini kinatiwa ndani ya pafu siku za mwanzo kabisa. Hakiuzwi kwa matone, na ukikinywa tumbo linakimeng'enya kama nyama. Mwaka huohuo asetilisisteini, dawa tunayompa mtu aliyezidisha panadoli, ilijaribiwa katika nchi za Nordiki kwa njiti 391 waliozaliwa chini ya kilo moja. Hakuna kilichobadilika. Seleniamu ilijaribiwa New Zealand, ambako ardhi yenyewe ina uhaba wa madini hayo. Watoto walipata maambukizi machache zaidi kwenye damu, ila mapafu yalibaki vilevile.

Iliyofanya kazi kidogo ni vitamini A. Mwaka 1999, katika utafiti wa watoto 807 wa chini ya kilo moja, sindano ya pajani mara tatu kwa wiki kwa wiki nne ilipunguza vifo na BPD kwa pamoja kutoka asilimia 62 hadi 55. Maana yake, uwachome watoto kama 15 sindano 12 kila mmoja ili mmoja afaidike. Nayo pengine husaidia kwa sababu huponya ngozi ya ndani ya njia za hewa, wala si kwa kuzima cheche. Walipojaribu kuwapa njiti kwa mdomo, faida haikuonekana. Hiyo ilikuwa dawa halisi, kwa kipimo halisi, mikononi mwa wataalamu, na bado kwa mdomo ikashindwa.

Sijui kama kwenye kopo la unga la mama kuna mafuta ya samaki, lakini kwa kawaida hutembea katika mkoba mmoja na antioksidanti, kwa hiyo nayo niiseme. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya njiti 1,273, kama nusu yao wakiwa wamepewa DHA, mafuta yaleyale yanayosifiwa kwa kujenga ubongo, kwa matumaini kwamba yatatuliza uvimbe wa mapafu. Waliopewa walipata BPD asilimia 49. Wasiopewa, asilimia 44. Yaani kama yalifanya lolote kwenye mapafu, yalifanya baya. Binti yako akitaka samaki, ale samaki.

Kwa nini hesabu nyepesi namna ile ikagoma? Wauzaji wa virutubisho hupenda mfano wa kutu, na kwa mtu wa Tanga mfano huo unaingia moyoni bila kubisha hodi. Nani asiyejua kwamba bati la Raskazone linaloelekea bahari haliishi umri wa bati la Korogwe? Oksijeni inakula chuma, chuma kinapakwa rangi, kutu inakoma. Lakini pafu si bati. Bati halina haja na kutu. Mwili una haja na cheche zake. Chembe nyeupe za damu huua vijidudu kwa cheche hizohizo, na ndiyo maana njiti waliomiminiwa vitamini E nyingi walipata maambukizi ya damu zaidi ya wenzao. Seli zinazojenga mapafu nazo hutumiana cheche kama watu wanavyoitana kwa filimbi: gawanyika, simama, geuka. Ukizima zote, umezima na maagizo ya fundi. Tena cheche si chanzo pekee cha BPD. Kuna maambukizi yaliyoanza tumboni, kuna msukumo wa mashine unaotanua mapafu mabichi, kuna lishe duni ya siku za mwanzo, na kuna ule uchanga wenyewe wa kuzaliwa kabla ya wakati. Chupa moja haiwezi kuyafikia yote hayo.

Na kwa mtoto wako kuna jambo la wazi zaidi: majeraha ya oksijeni aliyapata katika wiki za mwanzo. Hata kama matone yale yangekuwa na uwezo wote unaotajwa, yamefika moto umekwisha zimika. Sasa hivi hana oksijeni ya mtungi. Anachohitaji ni kukua na kuachwa akue.

Vilivyopunguza BPD na vifo vya njiti si vya kung'aa. Ni sindano za kukomaza mapafu anazochomwa mama kabla ya kujifungua, ambazo wengi walitilia shaka kama zitafaa kwa nchi maskini, mpaka utafiti wa 2020 uliofanywa Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh ulipoonyesha kwamba hupunguza vifo vya watoto wachanga mahali ambapo hospitali ina uwezo wa kuwatunza. Ni kafeini, ndiyo, ileile iliyomo kwenye kahawa. Ilitolewa ili njiti wasisahau kupumua, na katika utafiti uliochapishwa 2006 watoto wenye BPD wakapungua kutoka asilimia 47 hadi 36. Hakuna antioksidanti iliyowahi kukaribia hapo. Ni mashine ya mapovu, ile ya hewa yenye msukumo mdogo puani inayotokota kwenye chupa ya maji. Na ni kifua cha mama: utafiti wa kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, uliofanyika nchi tano ikiwamo Tanzania, pale Muhimbili, ulitoka mwaka 2021. Vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12 kwa watoto wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wakati ule wodini, wewe na binti yako mlipokuwa mkipokezana kumbeba kifuani kwa kitenge, mlikuwa katikati ya tiba yenyewe. Wengi hudhani walikuwa wanasubiri tiba ije.

Maziwa nayo. Unakumbuka dang'a, yale ya mwanzo ya manjano? Umanjano ule ni karotini, ndugu wa vitamini A, na ndani yake vitamini E imejaa kuliko katika maziwa yanayofuata, pamoja na vimeng'enya hai vya kuzima cheche. Antioksidanti ya njiti inayojulikana kuwa salama ni hiyo, na haina deni la kulipa kidogokidogo. Hesabu uzito uliouandika: tangu aruhusiwe ameongeza gramu 1,400 kwa siku 49, zaidi ya gramu 28 kila siku. Hilo ni ongezeko zuri sana. Mama anayelisha hivyo haongezewi unga wa kopo, anaongezewa sahani. Mchicha, boga la manjano, viazi lishe, dagaa, mbaazi za nazi, embe likiwa msimu wake. Shilingi 85,000 zinalisha wiki kadhaa za hivyo.

Sasa moshi, na hapa ningependa unisikilize kama wewe ndiye mkuu wa nyumba. Moshi una cheche zilezile ambazo shangazi anataka kuziondoa kwa matone. Kila pumzi ya moshi ni dozi mpya. Jiko la mkaa lisiingie wala lisikaribie chumba cha mtoto, hata siku za kusi na baridi na mvua. Anayevuta sigara avute mbali, kisha abadili shati kabla ya kumbeba. Dawa ya mbu ya kuchoma iachwe, chandarua kinatosha. Na udi, mama yangu. Mimi ni mtu wa pwani, nyumba yenye mtoto mchanga isiyonukia udi na ubani naiona kama haina furaha. Lakini kwa mtoto huyu fukizeni chumba asicholala, nguo zake zisifukizwe, na mlango wake uwe umefungwa. Poda ya kumnyunyizia shingoni nayo ibaki kopoini.

Wageni wenye mafua wasalimie kutoka barazani. Kirusi kinachomletea mtu mzima kamasi za siku tatu kinaweza kumrudisha mtoto huyu kwenye mtungi. Chanjo zake hufuata tarehe aliyozaliwa, hazisubiri "akue kwanza". Za wiki ya 6, 10 na 14 zimepita, hivyo kama kuna iliyorukwa nendeni wiki hii. Lakini ukimlinganisha na wenzake kwa kucheka na kushika kichwa, toa zile wiki 12 alizowahi: kwa hesabu hiyo ni mtoto wa wiki 5, na hajachelewa kitu. Vitamini A ya matone ataipata kliniki akifikisha miezi sita, katika ile kampeni ya Juni na Desemba, na hiyo ni kwa kinga na macho, hamna haja ya kuitanguliza.

Kuna moja naomba uiulize kesho: alipimwa macho? Si kuangaliwa kwa tochi. Retina, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho, kupimwa na daktari wa macho. Njiti wa wiki 28 aliyekaa kwenye oksijeni hutakiwa kupimwa akiwa na umri wa wiki nne hivi. Kama karatasi haisemi, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni hospitali ya Bombo muulize daktari wa macho, na usikivu wa mtoto muuombee kipimo hukohuko.

Dawa ya kuongeza damu waliyoandikiwa msiiache. Naitaja kwa sababu mtu mjanja atakwambia madini ya chuma huzidisha cheche, na kwa kemia tupu hajakosea. Lakini njiti huzaliwa bila akiba ya kutosha ya chuma, na bila damu ya kutosha mapafu na ubongo wake havijengeki. Mpeni kwa kipimo kilichoandikwa, kisizidi.

Kuhusu kupumua haraka: akilala usingizi mzito, fungua nguo uone tumbo, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Usikate nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana njiti hupumua kwa vipindi. Fanya hivyo siku tatu, andika, mpelekee daktari wa kliniki. Hiyo ndiyo itakuwa kawaida yake ya kulinganishia. Ikizidi 60 akiwa ametulia, au ikipanda ghafla juu ya kawaida yake, mpelekeni siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mbavu zikiingia ndani, pua zikitanuka, akiguna kila pumzi, akiacha ziwa kila mara ili apate hewa, au akitoka jasho kichwani anaponyonya. Ulimi au midomo kuwa bluu, au kuacha kupumua hata kwa kuhesabu moja hadi ishirini, hapo hata barua yangu usiitafute, tafuteni bajaji.

Imebaki kumkabili shangazi. Usimwambie daktari kasema wewe ni tapeli. Sijasema, na simjui. Mwambie mtoto yuko chini ya kliniki ya mapafu na amekatazwa kila kitu isipokuwa ziwa na dawa alizoandikiwa, hata machungwa ya bibi yake yamekatazwa. Hilo la machungwa litamtuliza, ataona hajatengwa peke yake. Kisha mpe kazi, maana mtu aliyekuja na chupa amekuja kwa kumpenda mtoto: yeye ndiye awe mlinzi wa baraza siku za wageni, awarudishe wenye mafua. Ukimkabidhi hilo, hata kopo la unga atalibeba mwenyewe.

Na mkienda kliniki, ile karatasi ya ruhusa muichukue, pamoja na hesabu yako ya pumzi.